Soksi Iliyonyooka Bila Upepo

Watu wakinisikia nasimulia habari hii huwa wanacheka kwanza, halafu ndiyo wananiuliza kama ni kweli. Mimi huwaambia wacheke wamalize, nitasubiri. Aliyekuwa angani siku ile ni mdogo wangu wa tumbo moja, na aliyekuwa chini ameshika shuka ni mimi mwenyewe. Sisimulii ya kuambiwa.

Kazi yangu ni kushona, lakini si magauni wala sare za shule. Nashona ndege. Ziko ndege ndogo ambazo mabawa yake ni kitambaa, kimevutwa juu ya mbao na mabomba membamba, kikashonwa na kupakwa dawa mpaka ukikigonga kinalia. Kampuni yetu ilikuwa nazo mbili. Zilipeleka dawa, barua na watu kule ambako barabara zimekata tamaa. Zote zilikuwa za gurudumu la mkia: mbele magurudumu mawili makubwa, nyuma kamoja kadogo, na pua imeinuliwa juu kama mtu mwenye maringo.

Mdogo wangu ndiye aliyekuwa mmoja wa marubani. Tunamwita Miguu, maana tangu utotoni miguu yake haikai, hata akila anaichezesha chini ya meza. Mama alipofariki aliniachia yeye, nikamlea, nikashona usiku na mchana mpaka akasomea urubani. Halafu nikaanza kujuta. Kila akija kutua naweka sindano chini, na siishiki tena mpaka nisikie injini imezimwa.

Ndege hizi hazikuui juu. Zinakuulia chini, wakati umeshaanza kupumua. Miguu alinieleza siku moja huku akitafuna.

"Dada, ndege ya mkia huachi kuirusha mpaka uwe umefungua mlango. Upepo wa usoni ni rafiki yako. Ukikupiga ubavuni, na wewe umeshapunguza mwendo, mkia unataka kutangulia. Ukichelewa kukanyaga pedali, ndege inazunguka, bawa linalima ardhi. Basi."

"Na wewe unaliongea huku unakula?"

"Sasa nilie?"

Hivyo ndivyo alivyokufa rubani wetu mkuu, mwaka uliotangulia. Upepo wa ubavu, ndege yetu ya tatu ikazunguka, ikaishia mtaroni. Msibani Bosi alisimama akasema umri ulimzidi mzee wa watu, miguu ilishakuwa mizito. Hakuna aliyembishia. Mjane wake aliachiwa nyumba ya kampuni kandokando ya kiwanja, akawa anafua mashuka ya nyumba ya wageni, nasi tukamwita Mama Mashuka. Kamba yake ya nguo ilikuwa inatazama kiwanja chote.

Siku mambo haya yalipoanza ilikuwa siku ya kawaida kabisa. Jua zuri. Nilikuwa bandani naweka kiraka kwenye bawa, Fundi Grisi yuko chini ya injini anapiga mluzi. Bosi akaingia na furushi kwapani.

"Sindano," aliniita, maana kazini jina langu ndilo hilo, "ile soksi ya upepo imekuwa aibu. Nishonee nyingine."

Soksi ya upepo ni ule mfuko mrefu unaoning'inia juu ya mlingoti kiwanjani. Rubani akiitazama kutoka juu anajua upepo unatoka wapi na unaelekea wapi. Yetu ilikuwa imechanika tangu kabla ya msiba, imebaki pete na matambara. Tuliisema mpaka tukachoka, lakini Bosi ni mkono wa birika, hata balbu ya chooni aliihamisha kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Kwa hiyo kumwona ameleta kitambaa kwa hiari yake, nikashtuka.

Kilikuwa kizito, kimepakwa rangi ya chungwa pande zote mbili. Rangi mpya, bado inanuka.

"Umekitoa wapi, Bosi?"

"Wewe shona."

Nikashona. Kipande kilichobaki nikakitia kwenye kikapu changu, nikawa nachomeka sindano humo. Fundi Grisi akapanda ngazi, akaifunga soksi juu ya mlingoti, akaifungia kamba ya kuipandisha na kuishusha. Ilipendeza, sisemi uongo. Nilijisifu kidogo.

Asubuhi iliyofuata niliwahi kazini. Hewa ilikuwa imetulia kabisa. Moshi wa jiko la kantini ulikuwa unapanda juu wima, hauyumbi. Nikainua macho kuitazama kazi ya mikono yangu.

Soksi ilikuwa imejaa. Imenyooka sambamba na kiwanja, ngumu, imetuna kama mguu ulio ndani ya soksi kweli.

Nikamwita Fundi Grisi. Akatazama, akatazama moshi, akakuna kichwa.

"Labda umeishona na upepo ndani," akasema.

Tulicheka. Lakini nikamwona hakupiga mluzi tena asubuhi ile.

Ajali ya kwanza ilikuwa ya mgeni, rubani wa kunyunyizia dawa mashamba, aliyekuja kuomba mafuta. Alitua vizuri, tukamwona anakimbia kiwanjani amenyooka, halafu ghafla mkia ukaja mbele. Mguu wa gurudumu ukavunjika, bawa likakunjika. Alitoka mwenyewe, anaonyesha kidole juu.

"Upepo ulikuwa usoni! Soksi si ile pale? Imenyooka na kiwanja!"

Ilikuwa imenyooka kweli. Tukamwonea huruma kwa maneno, na nyuma ya mgongo tukamcheka. Fundi Grisi akasema huyo amezoea kunyunyizia mahindi, mahindi hayalalamiki.

Ajali ya pili haikuchekesha. Ilikuwa ndege yetu, na rubani alikuwa mwenzake Miguu, kijana makini, hana mzaha na kazi. Ikazunguka vilevile, pale pale, mkia ulipokuwa unashuka. Alivunjika mfupa wa bega. Tulipokuwa tunamtoa alininong'oneza, mdomo wake karibu na sikio langu.

"Soksi ilisema usoni, dada. Niliitazama mpaka mwisho."

Basi ikabaki ndege moja na rubani mmoja, na rubani huyo ni mdogo wangu. Usingizi ukanihama.

Minong'ono ikaanza. Kantini, bandani, getini, kila mtu akaingiwa na shaka na mwenzake. Wengine walimshuku Fundi Grisi, kwamba analegeza kitu kwenye magurudumu. Mimi nilimvizia siku nzima akipaka grisi, naye akaniona, akaninunia. Lakini jina lililotajwa zaidi lilikuwa la Mama Mashuka. Watu walisema siku zote mbili za ajali kamba yake ilikuwa imejaa mashuka meupe. Kwamba anayaanika kama sanda. Kwamba mume wake alifia hapa, sasa anataka asife peke yake. Hata mimi niliwahi kumwona amesimama uani mikono kiunoni, anaikodolea macho soksi, midomo inacheza. Sikumsalimia. Nilipita upande wa pili.

Bosi akaamuru kamba ing'olewe. Fundi Grisi akang'oa nguzo, kwa aibu, bila kumtazama yule mama usoni. Kuanzia hapo akawa anaanika mashuka ndani ya nyumba, juu ya milango na viti.

Siku mbaya yenyewe, Miguu alitoka asubuhi kumpeleka Bosi kwenye mkutano, warudi alasiri. Fundi Grisi alichukua gari akaenda kutafuta vipuri. Ofisi ikafungwa, maana redio ya kuongea na marubani iko ndani, na Bosi hamwachii mtu ufunguo wake. Nikabaki peke yangu bandani na wasiwasi wangu. Baada ya saa sita upepo ukaamka. Bati la banda likaanza kugonga. Nikaona siwezi kukaa. Nikabeba kikapu changu nikaenda kwa Mama Mashuka. Sikuenda kwa wema. Nilienda kumwambia amwache mdogo wangu.

Alinifungulia kabla sijabisha. Ndani mashuka yalining'inia kila mahali, mpaka tukawa tunazungumza bila kuonana vizuri.

"Umekuja kuniita mchawi," akasema.

"Nimekuja kukuomba. Yule mtoto ndiye wa pekee niliye naye."

"Toka nje kidogo. Simama hapo uani. Unasikia upepo shavu gani?"

Nikatoka, nimekasirika, lakini nikasimama. Nimekipa kiwanja uso, mbele mpaka mwisho wake. Upepo ulinipiga shavu la kushoto. Ulinipiga kwa nguvu, kilemba kikataka kunitoka. Ulikuwa unakikata kiwanja katikati.

Nikaitazama soksi.

Ilikuwa imenyooka sambamba na kiwanja. Haitikisiki. Nyasi zote zimelala upande mmoja, miti yote imeinama upande mmoja, na soksi peke yake inaelekea kwingine.

Nilijikojolea kidogo. Nasema tu ukweli.

"Kamba yangu ndiyo iliyokuwa inasema kweli," Mama Mashuka alinong'ona nyuma yangu. "Nilikuwa naanika ili waone. Mkaing'oa."

Yeye alikuwa ameinama anatazama kikapu changu. Uso wake ukabadilika.

"Hicho umekitoa wapi?"

Alikuwa ameshika kile kipande cha chungwa, kimejaa sindano zangu. Jua lilikuwa limeanza kukibambua rangi. Akakwangua kwa ukucha. Chini ya chungwa kukatokea nyeupe, na kwenye nyeupe mstari wa buluu. Nikakinyakua, nikakwangua na mimi. Mstari ukaendelea. Pembeni yake kulikuwa na kiraka cha ukubwa wa kiganja, kimeshonwa kwa mshono wangu mwenyewe, ule wa kurudi nyuma mara mbili. Nilikiweka mimi kile kiraka. Nilikiweka kwenye bawa la marehemu.

Bosi hakununua kitambaa. Alikuwa amelichuna bawa la ndege aliyofia yule mzee, akalipaka rangi, akanipa nishone.

"Mama," nikasema, "mzee anatuua?"

"Mume wangu hakuwahi kumuua hata kuku. Siku ile mashuka yangu yalikuwa yanakata kiwanja, kama leo. Soksi ilikuwa matambara, asingeona kitu. Lakini alitua kama mtu aliyeambiwa upepo uko usoni." Akakigonga kile kipande kwa kidole. "Kitambaa kinarudia alichoambiwa. Swali langu ni moja tu. Aliambiwa na nani?"

Ndipo tukasikia injini.

Nilikimbia. Nikafika kwenye mlingoti, nikafungua kamba, nikavuta soksi ishuke. Haikushuka. Nikavuta tena, viganja vikachubuka. Kamba ilikuwa ngumu, kana kwamba kuna mtu huko juu ameishika. Nikakimbilia ofisini. Kufuli. Dirisha lina nondo. Redio niliiona mezani, karibu na kiti cha Bosi, na nisingeweza kuigusa.

Ndege ikazunguka juu yetu. Miguu alikuwa anatazama soksi. Nilijua anaitazama.

Mama Mashuka akaja mbio na shuka, kubwa, la kitanda cha wawili.

"Shika huku!"

Tukakimbia mpaka ukingoni mwa kiwanja. Nikashika pembe moja, yeye pembe nyingine, mikono juu. Upepo ukalikamata. Likatuvuta. Likapepea kukikata kiwanja, likipiga makofi.

Ndege ikashuka. Imenyooka. Mabawa sawasawa. Ameiamini soksi.

Nilipiga kelele mpaka koo likauma. Asingesikia.

Ikashuka zaidi.

Halafu bawa la kushoto likainama, likiuelekea upepo.

Miguu aliniambia baadaye yaliyotokea mle ndani. Aliona soksi inasema hivi na shuka linasema vile. Bosi, aliyekaa kiti cha pembeni, akafoka, "Achana na yule mchawi, fuata soksi!" Miguu akasema alitazama mara moja tu, akamtambua aliyeshika pembe ya pili ya shuka. "Soksi sikuzaliwa nayo," aliniambia. "Wewe nimezaliwa nawe."

Gurudumu la kushoto likagusa kwanza, peke yake. Kisha la kulia. Ndege ikakimbia, mkia bado juu. Mwendo ukapungua. Mkia ukaanza kushuka. Hapo ndipo. Hapo ndipo wote walipozungukia. Pua ikayumba kushoto. Ikarudi. Ikayumba tena. Niliona usukani wa mkia unapigapiga huku na huku bila kupumzika, na nikajua ile miguu iliyonikera utotoni mwake wote iko kazini. Ikasimama. Injini ikazimwa.

Nikakaa chini palepale kwenye nyasi, nikalia.

Bosi ndiye aliyetoka kwanza. Alikuwa amefura. Akatembea moja kwa moja mpaka chini ya mlingoti, upepo unampeperusha tai ubavuni, na mkono wake umeinuliwa juu.

"Tazameni! Soksi iko usoni! Moja kwa moja! Nani kawatuma kuja kutisha ndege yangu na mashuka?"

Sisi wote tulikuwa tunatazama juu.

Soksi ilikuwa inageuka. Polepole. Kinyume cha upepo. Ikaiacha ile njia iliyoing'ang'ania tangu siku ya kwanza, ikazunguka, ncha yake ikashuka, ikasimama.

Ilikuwa inamwelekea Bosi.

Akatazama juu. Akasogea hatua kadhaa kulia. Soksi ikamfuata. Akarudi kushoto. Ikamfuata. Akageuka akaanza kutembea haraka kuelekea ofisini, na ncha ile ikawa inatambaa hewani nyuma ya kisogo chake, taratibu, haimwachi. Alipofika mlangoni akashindwa kuingiza ufunguo.

"Iambieni iache," akasema.

Mama Mashuka alimsogelea na shuka lake begani. Alinong'ona, lakini wote tulisikia.

"Mume wangu alikuuliza upepo kwenye redio. Ulimjibu nini?"

Bosi akapiga magoti. Mtu mzima, na suti yake.

"Nilimwambia uko usoni." Akaonyesha kidole dirishani, kwenye kiti chake. "Sikuangalia nje. Sikuinuka hata kwenye kiti. Kila siku ulikuwa unatoka usoni, nikasema tu kama ninavyosema kila siku. Nisamehe, mama. Sikuinuka kwenye kiti."

Soksi ikadondoka. Ikaning'inia kama nguo iliyoloa, na upepo bado unavuma vilevile, unagonga mabati.

Mama Mashuka hakusema amesamehe wala hajasamehe. Aliingia kwake akafunga mlango. Sisi tuliishusha ile soksi, safari hii ikashuka yenyewe, nyepesi, tukaenda kuizika miguuni pa kaburi la yule mzee. Bosi aliondoka hakurudi. Fundi Grisi alisimamisha tena nguzo za kamba, akazichimbia chini zaidi kuliko mwanzo, na kuniomba radhi kwa kuninunia. Nikamwambia mimi ndiye niliyekuwa namvizia.

Soksi mpya nimeishona kwa kitambaa nilichokwenda kukichagua mwenyewe dukani. Inafanya kazi yake, asubuhi zisizo na upepo inalala. Redio sasa naijibu mimi. Miguu akiuliza upepo, nainuka, natoka nje, nausikia kwa shavu langu, nayatazama mashuka, ndipo narudi kumjibu. Ananicheka kwamba namchelewesha. Na anicheke.

Kinachonisumbua ni kile kiti cha Bosi. Ni cha mbao nzito, hakina magurudumu, kukivuta peke yangu natoka jasho. Kila jioni nakiacha mezani mbele ya redio, nafunga ofisi, nalala na ufunguo chini ya mto. Kila asubuhi nakikuta kimesogezwa mpaka dirishani, kimegeukia kiwanja. Fundi Grisi ameapa kwamba si yeye, na mimi namwamini, safari hii namwamini.

Juzi nilikuwa na homa. Miguu akaita, akauliza upepo, na mwili wote ulikuwa unaniuma. Nikachungulia dirishani tu, bila kuinuka kitini, nikamjibu. Nilimjibu sawasawa, akatua salama, hakuna kilichotokea.

Jana asubuhi nilikuta kufuli liko vilevile, nondo za dirisha ziko zote, na ndani mezani hakuna kiti. Kilikuwa nje, katikati ya nyasi, chini ya mlingoti. Nyasi zilikuwa na umande, na hapakuwa na alama ya mguu wa mtu wala ya kuburuzwa.